Mama ni Nani? Neno Moja na Maana Zake Kati ya Kapsokwony na Kitale

Utangulizi

Waswahili huuliza, "Nani kama mama?" wakiwa na hakika kwamba swali hilo halihitaji jibu. Hakika hiyo haitokani na mapenzi peke yake. Inatokana pia na dhana iliyoenea miongoni mwa wasomi na wasio wasomi kwamba neno "mama" ni mali ya walimwengu wote, na kwamba popote linapotamkwa humtaja yule yule aliyezaa na kunyonyesha. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakidai kuwa kufanana kwa neno hili katika lugha zilizo mbalimbali ni ithibati kwamba lugha hizo zilichipuka kutoka shina moja.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, umbo la neno linaweza kuwa moja ilhali maana zake ni nyingi. Pili, lugha zisizo na unasaba wowote zaweza kuafikiana kuhusu maana, na lugha zenye unasaba zikatofautiana. Ili kuthibitisha hayo hatuna haja ya kuzunguka dunia nzima. Yatosha kuanzia Kapsokwony, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, kisha kuuzunguka mlima kwa upande wa mashariki mpaka Kitale. Katika eneo hilo dogo neno hili lenye silabi mbili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na mhakiki wa fasihi asiyeijua historia hiyo anaweza kuisoma kauli ya mtu kinyume cha alivyokusudia.

Mandhari ya Lugha

Kapsokwony ni mji mdogo katika Kaunti ya Bungoma, na ni makao ya utawala wa eneo la Mlima Elgon. Wenyeji wake wengi ni Wasabaot, ambao lugha yao ni tawi la Kikalenjin. Kikalenjin nacho ni miongoni mwa lugha za Kiniloti za Kusini, na katika uainishaji wa Joseph Greenberg uliochapishwa mwaka 1963, lugha za Kiniloti huwekwa katika familia ya Nilo-Sahara. Ukiteremka kusini kuelekea Kimilili na Bungoma unaingia katika nchi ya Wabukusu, ambao lugha yao ni ya Kibantu na kwa hiyo imo katika familia nyingine kabisa, yaani ile ya Niger-Kongo.

Kitale ina historia tofauti. Nchi ya Trans Nzoia ilitwaliwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wasabaot wakaondolewa katika sehemu kubwa ya malisho yao. Mashamba makubwa yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, wasemaji wa Kigujarati na Kipunjabi, walifungua maduka. Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba mengi yaliuzwa au kugawanywa, na familia za Wabukusu, Wakalenjin, Wakikuyu na wengineo zikawa majirani. Kiswahili kilikuwa lugha ya shambani, ya dukani na ya sokoni tangu mwanzo wa mchanganyiko huo.

Kwa hiyo, katika eneo ambalo msafiri huweza kulipita kwa siku moja, familia tatu kubwa za lugha zinakutana: Niger-Kongo, Nilo-Sahara na Kihindi-Kizungu. Zote tatu zina neno "mama".

Ramani ya Maana

Tuanze na Kiswahili. "Mama" ni mzazi wa kike, na ni jina la heshima kwa mwanamke yeyote mtu mzima. Dada za mzazi huyo ni mama mkubwa na mama mdogo. Nduguye wa kiume huitwa mjomba, neno lisilofanana hata kidogo na "mama". Katika Kijaluo, ambacho ni cha Kiniloti, "mama" ni mzazi wa kike vilevile, na nduguye wa kiume mtu humwita "nera". Hapa basi lugha mbili zisizo na unasaba zinakubaliana.

Tukivuka kuingia katika Kikalenjin, mambo yanageuka. Mama mzazi ni "kamet", na Wanandi na Wakipsigis humwita "eiyo". Neno "mama" lipo katika Kikalenjin, lakini humtaja mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama mzazi. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anaweza kudhani kuwa huu ni upekee wa Kiniloti, lakini Kijaluo kilichotangulia kutajwa kinaikanusha dhana hiyo.

Tugeukie Kikuyu. Hii ni lugha ya Kibantu, nduguye Kiswahili. Mtu angetarajia "mama" ya Kikuyu iwe sawa na ya Kiswahili. Haiko hivyo. Mama mzazi wa msemaji ni "maitũ", mama yake mtu mwingine ni "nyina", ilhali "mama" ni mjomba, kama ilivyo katika Kikalenjin. Katika Kibukusu, ambacho pia ni cha Kibantu, mama mzazi ni "mayi" na mjomba ni "khocha", kwa hiyo neno tunalolichunguza halikupata nafasi katika mahali pote pawili.

Mwisho, tuingie dukani Kitale. Katika Kigujarati na Kipunjabi, kama ilivyo katika Kihindi, "mama" ni ndugu wa kiume wa mama mzazi, na mkewe huitwa "mami". Kwa hiyo Mkalenjin, Mkikuyu na Mgujarati, watu watatu wenye lugha kutoka familia tatu zisizohusiana, wote humwita mjomba kwa neno moja. Mswahili na Mjaluo wanaosimama kando yao hulisikia neno hilo na kumfikiria mwanamke.

Tukitazama mbali zaidi, tofauti zinaongezeka. Katika Kijojia, lugha ya milima ya Kaukazi, "mama" ni baba, na mama mzazi ni "deda". Katika lugha za jangwa la magharibi mwa Australia, kama vile Kipitjantjatjara, "mama" ni baba vilevile. Mtoto wa Kijapani hutamka "manma" akitaka chakula. Katika Kilatini "mamma" lilikuwa titi na pia jina la kumwitia mama. Chakula, titi, mama, mjomba, baba: hiyo ndiyo ramani ya neno moja fupi.

Ni lazima tuweke tahadhari moja. Kikalenjin na Kikuyu ni lugha za toni, na urefu wa irabu ndani yake una uzito. Kiswahili hakina toni bali huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno haya basi hufanana zaidi kwenye karatasi kuliko masikioni, kwa kuwa alfabeti ya Kirumi tuliyoipokea huziacha toni nje. Mhakiki anayefanya kazi na maandishi peke yake ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Sauti ni ya Mtoto

Kwa nini sauti hii ionekane kila mahali? Swali hili lilishughulikiwa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock mwaka 1959. Alikusanya maneno 1,072 kutoka jamii nyingi za dunia: 531 ya kumtaja mama na 541 ya kumtaja baba. Ilibainika kwamba asilimia 55 ya maneno ya mama yalikuwa na sauti za nazali, kama vile m na n, ilhali ni asilimia 15 tu ya maneno ya baba yaliyokuwa nazo. Idadi hizi haziwezi kuwa za bahati nasibu.

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1960, alitoa maelezo ambayo hadi leo yanaheshimiwa. Mtoto anyonyaye midomo yake imeshika titi. Sauti pekee awezayo kutoa ni ile ipitayo puani. Mnong'ono huo wa nazali huja kuwa ishara ya kutaka chakula hata titi linapokuwa halipo. Midomo ikifunguka, nazali hiyo hufuatwa na irabu iliyo rahisi kuliko zote, na tunapata "ma", kisha "mama". Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kitenzi cha kale "-amwa", chenye maana ya kunyonya, na ataona jinsi midomo inavyolazimika kufunga ili kukitamka.

Jambo la kuzingatiwa katika maelezo hayo ni hili: mtoto hajataja mtu yeyote. Ametoa sauti ya kuhitaji. Wanaoigeuza sauti hiyo kuwa jina ni watu wazima waliomzunguka. Wao ndio wanaoamua kwamba amemwita mzazi wa kike, au chakula, au baba, au mjomba. Wakishaamua humrudishia mtoto neno lake likiwa limekwisha kupewa maana, naye hulipokea kama urithi. Sauti ni ya mtoto, lakini maana ni ya jamii.

Hii ndiyo sababu wanaisimu historia huyatenga maneno ya aina hii wanapolinganisha lugha. Orodha ya Morris Swadesh ya mwaka 1952, iliyokuwa na maneno takriban 200 ya msingi, ilimjumuisha mama na baba. Ile fupi ya mwaka 1955, yenye maneno 100, haina hata mmoja wao. Neno linalozaliwa upya katika kila kizazi cha watoto haliwezi kutumika kupima umbali wa lugha na lugha. Kwa Kiswahili, ushahidi wa unasaba wetu na Kikuyu hauko katika "mama" bali katika neno kongwe "nina", lililohifadhiwa katika ushairi wa pwani, ambalo ni ndugu halisi wa "nyina" ya Kikuyu. "Mama" lililotoka mdomoni mwa watoto limelisukuma "nina" pembeni mpaka likabaki kuwa neno la washairi.

Maana ni ya Jamii

Ikiwa maana hutolewa na jamii, kwa nini jamii tatu zisizo na uhusiano ziliteua mjomba? Jibu haliko katika sauti. Liko katika nafasi ya mjomba mwenyewe.

Katika jamii za ukoo wa baba, mtoto huhesabiwa kuwa wa upande wa baba. Upande wa mama, hata hivyo, haukatwi. Huwakilishwa na mtu, na mtu huyo aghalabu ni ndugu wa kiume wa mama. Yeye ni mama aliye mwanamume. Lugha kadhaa za Kibantu husema hivyo waziwazi: Wazulu na Wachewa humwita "malume", Wanyarwanda "marume", na katika maneno hayo tunaisikia "-ume" ya Kiswahili. Hata Kisanskriti, lugha kongwe ya Bara Hindi, kilikuwa na "matula" kwa maana ya mjomba, neno lililotokana na lile la mama. Jamii hizi zilifikiri jambo moja bila kuonana.

Katika eneo letu fikra hiyo ina matendo. Kwa Wakalenjin, ndugu wa mama ni mtu ambaye baraka yake hutafutwa na laana yake huogopwa. Kwa Wabukusu, kijana anayeingia tohara, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hufika kwanza kwa "khocha" wake. Mjomba humchinjia fahali na kumvisha shingoni kipande cha nyama yake, na kijana hurudi kwao nayo mbele ya watu wote. Asiyekwenda huko huwa amekosa nusu ya ukoo wake.

Hapa tunapata funzo muhimu. Mkalenjin na Mbukusu wa Mlima Elgon, waliogombana mara nyingi na kuoana mara nyingi, hawana neno moja la mjomba, lakini wana mjomba mmoja kwa cheo na kwa heshima. Mkalenjin na Mgujarati wa Kitale wana neno moja, lakini hakuna anayedai kwamba walitoka ukoo mmoja. Neno si mpaka, wala si hati ya kumiliki. Jambo hili lina uzito katika nchi ambako majina na asili za maneno vimeingizwa mara kwa mara katika mabishano kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni.

Athari kwa Uhakiki na Tafsiri

Tuchukue sentensi moja ya kubuni: "Mama ndiye aliyenipa ndama wa kwanza, na bila yeye nisingetahiriwa." Mhakiki wa pwani ataiona taswira ya mzazi wa kike mwenye mali, na pengine ataandika kurasa kumi kuhusu uwezo wa mwanamke katika jamii ya wafugaji. Ikiwa sentensi hiyo imetoka katika simulizi iliyosemwa kwa Kikalenjin, na mfasiri akaliacha neno jinsi alivyolisikia, kurasa zote kumi zitakuwa zimejengwa juu ya mchanga. Msimulizi alimtaja mjomba.

Msemaji hodari wa Kiswahili hatafanya kosa hilo anapozungumza mwenyewe. Anajua kuubadilisha ulimi. Hakuna Mkikuyu anayesikia jina la Mama Ngina Kenyatta akadhani anatajwa mjomba wa mtu. Anajua kuwa hapo "mama" ni ya Kiswahili. Hatari iko katikati, pale ambapo maneno ya mtu mmoja hupitia kwa mwingine: kwa mkalimani, kwa mwanafunzi anayenukuu ngano kijijini, kwa karani anayeandika ushahidi. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932, ilipokea madai ya jamii nyingi, wakiwamo Wakony wa Mlima Elgon, na ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1934. Wazee waliotetea malisho yao kwa kutaja jamaa na vizazi walisomwa na watu waliotegemea lugha ya tatu. Mwanahistoria anayezitumia nyaraka za aina hiyo hana budi kuuliza, kila anapokutana na jina la jamaa, lilitamkwa katika lugha gani kabla ya kuandikwa.

Mtafsiri wa fasihi anakabiliwa na swali hilo hilo. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1980, ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Kazi ya namna hiyo ni kutoka lugha moja ya Kibantu kwenda nyingine, na ukaribu huo ndio mtego wake. Neno lisilofanana humshtua mtafsiri, naye hulifungulia kamusi. Neno linalofanana humpita kimya. Tungependekeza kwamba wanafunzi wa tafsiri wafundishwe kuyaogopa maneno ya kwao kuliko yale ya ugenini.

Pendekezo la pili linahusu ukusanyaji wa fasihi simulizi. Katika kila nakala, majina ya jamaa yaachwe katika lugha ya msimulizi, kisha maelezo yafuate kwa Kiswahili. Neno "mama" lililoandikwa bila maelezo katika ngano ya Kisabaot ni mlango uliofungwa ambao msomaji hajui kuwa umefungwa.

Hitimisho

Mabadiliko hayajakoma. Katika miji ya Kenya, Kitale ikiwamo, watoto wengi sasa huwaita ndugu wa mama na ndugu wa baba kwa neno moja, "anko", na shangazi na mama mdogo wakawa "anti". Kiswahili kilichokuwa na baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na Kikalenjin na Kikuyu vilivyokuwa na "mama" wa kiume, vyote vinaelekea kwenye jina moja lisilotofautisha upande na upande. Hasara yake si ya msamiati tu. Mtoto asiyekuwa na jina la pekee la ndugu wa mama yake atachelewa kujua kwamba mtu huyo anamdai jambo, na kwamba naye ana haki ya kumdai.

Methali yetu hunena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa Mswahili, mwalimu wa kwanza hapo ni mwanamke. Mkalenjin au Mkikuyu akiyapa maneno hayo maana ya nyumbani kwake, mwalimu huwa ni mjomba, na hata hivyo methali haipungukiwi na ukweli, kwa kuwa katika jamii hizo mjomba naye ni mlezi. Msomaji wa fasihi ya Afrika Mashariki anatakiwa awe tayari kuzipokea maana zote mbili, na kabla ya kuuliza mama amefanya nini, aulize kwanza ni mama wa lugha ipi.